Mtepe chini ya Malori

Bwana Mhariri,

Niwie radhi nikikuomba nafasi katika gazeti lako, nilalamikie jambo ambalo kwa asiyeshinda maktabani laweza kuonekana dogo.

Katika maktaba moja ya umma ya mwambao huu, ambayo jina lake nalisitiri kwa kuwa wahudumu wake hawana kosa, faharasa ya kadi, iliyoandikwa kwa mkono na wakutubi waliojua mtepe si jahazi, ilihamishiwa ndani ya kompyuta. Na kwa kuwa lebo zilikuwa tele, nyingine zimeandikwa kwa tahajia mbili tatu, ikawekwa programu ya kuzisafisha kila usiku, ambayo hufuta lebo yoyote yenye vitabu visivyofika vitano, na lebo mbili zinazokaribiana kwa herufi huziunganisha, kubwa ikaimeza ndogo. Nia ilikuwa njema, sikatai, na mwezi wa kwanza nami nilisifu.

Mwezi wa pili nalikwenda kutafuta habari za mtepe, chombo cha Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, nikaambiwa neno hilo halimo; kitabu chenyewe nalikikuta adhuhuri, chini ya "Usafiri", kimebanwa baina ya miongozo ya madereva wa malori. Mbuzi ya kukunia nazi imepelekwa kwa mifugo. "Tendi" imemezwa na "Tenzi" bila kuachwa alama ya kuelekeza, hata mtu wa Lamu atafutaye kwa matamshi ya kwao huambiwa hapana kitu, ilhali Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umo rafuni hatua chache kutoka alipoketi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, nayo ilikishikilia Kiunguja juu ya Kiamu na Kimvita, na manung'uniko yake hayajaisha. Lakini ile ilikuwa kamati ya watu, na aliyeudhika alijua pa kupeleka barua.

Atafutaye "Dini" au "Historia" hana haja ya msaada, kwani atajikwaa na vitabu vyake mlangoni. Faharasa humfaa yule atafutaye kitu chenye vitabu viwili tu, na ndiyo lebo yake inayofutwa kwanza.

Lakini lililonishangaza zaidi ni hili. Mkutubi mmoja kijana, alipoona lebo ya "Vumba" (Vumba Kuu, mji wa kale uliotawaliwa na Madiwani upande wa Vanga, si ile harufu ya samaki) imebakiwa na vitabu vitatu na jua linakuchwa, aliibandika juu ya vitabu viwili vya mapishi ya samaki ili idadi itimie. Nilipomuuliza alicheka, akasema, "Sasa mwalimu, ningefanyaje? Asubuhi usingeiona." Sikuweza kumlaumu. Wenziwe wamekwisha jifunza hila hiyo, nasi wasomaji hatujui tena lebo ipi yasema kweli na ipi imebandikwa kwa ajili ya kuhesabiwa, wakati taarifa ya kila mwezi ubaoni yatubashiria kwamba lebo zimepungua na mambo ni shwari.

Nawaomba wakubwa wa maktaba hiyo mambo yasiyo na gharama kubwa: programu ipendekeze, mkutubi aamue; jina likimezwa, iachwe alama ya kumwelekeza msomaji; na kadi za zamani, ambazo nimeziona kwa macho yangu ghalani ndani ya makasha yaliyoanza kuingia unyevu, zisitupwe kabla hazijalinganishwa na yaliyomo kompyutani. Kazi hiyo mimi na wazee wenzangu wawili tumejitolea kuifanya kila Jumamosi bila ujira. Barua tuliyowaandikia kusema hivyo haijajibiwa, na mvua za masika zi karibu.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu