Ndege wa Amani ni wa nani?

Mwezi uliopita niliongozana na wanafunzi wangu hadi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya chai, tulisimama ukingoni mwa msitu pamoja na watalii wawili wenye darubini. Walimtafuta ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, ambaye jina lake la kisayansi linamuenzi Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha hapo Amani zama za ukoloni. Duniani kote, ndege huyo anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu.

Mama mmoja mchuma chai alipita na kikapu chake mgongoni, akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza, alicheka. "Huyo yumo humo kwenye mitambazi kila siku. Ninyi mna kelele." Akaenda zake, maana yeye hulipwa kwa kilo. (Ndege hatukumwona.)

Ndege huyu hupenda mahali ambapo mimea itambaayo imesongamana, hasa penye uwazi na kingo za msitu. Basi anayekutana naye mara nyingi kuliko mtaalamu yeyote ni mwenye kikapu. Lakini maarifa yake hatuyaiti elimu.

Liko jambo zito zaidi, ambalo hotuba zetu za uhifadhi hulipita haraka. Msitu wa Usambara ulifyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa tangu enzi za Wajerumani, kwanza ya kahawa, baadaye ya chai. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Ilipofika miaka ya 2000, ikahitajika kuunganisha vipande vya msitu kupitia ushoroba wa Derema. Walioambiwa waondoke ni wakulima wadogo waliolima iliki chini ya miti mikubwa. Chai ilibaki. Fidia ililipwa, pamoja na malalamiko ya kucheleweshwa na ya kutotosha.

Sipingi ushoroba. Ndege wengi wa msituni hawathubutu kuvuka uwanda wa chai, na maji ya mto Sigi, yatokayo milimani humo, ndiyo yanywewayo mjini Tanga. Ninachopinga ni hesabu inayomtoza mwenye iliki gharama ya msitu uliofyekwa na mwenye shamba kubwa, kisha ikamsahau viingilio vinapokusanywa.

Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, naomba jambo dogo lisilohitaji sheria mpya: kila mwaka bandikeni kwenye ofisi za vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa Kiswahili, kiasi kilichokusanywa kwa watazama ndege na kiasi kilichorudi kijijini. Yule mama anajua kusoma mizani. Tarakimu hizo hazitamshinda.