Filimbi ya Gari ya Moshi



Kuna watu wanaosema kwamba sauti ya gari ya moshi ya zamani ilikuwa tamu. Ni kweli. Hata mimi moyo hunishituka nikiikumbuka: kwanza filimbi ndefu, kisha pumzi nzito za mashini, pole pole, halafu mbio. Mama akisikia filimbi alitia maji ya bukari motoni, kwa maana Baba, mtia makaa, alikuwa karibu kufika.

Lakini utamu huo usitufunge macho. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, Bukama mwaka 1918, na tangu 1931 shaba yetu ilipata njia ya reli mpaka baharini Lobito. Magari yaliyotoka yalijaa shaba. Yaliyoingia, miaka ya 1920, yalileta vijana wa Lomami na wa Ruanda-Urundi kuichimba. Mimi ni karani wa machimbo: karatasi za tani zilizotoka nimeziandika nyingi, za faida iliyorudi kwetu sijaletewa hata moja.

Sisi tunataka historia ya reli iandikwe pamoja na watia makaa. Baba aliijua mashini kwa sikio tu, lakini kompani yake ilimwita boyi. Macho yalipoharibika kwa moto, alipewa blanketi moja, akaachishwa kazi. Jioni filimbi ikilia aliacha kula, akageuza uso upande wa reli.

«Moto ni mdogo leo,» alisema. «Watachelewa mlimani.»