Acheni Kuanika Mtoto Pamoja na Godoro

Jumamosi iliyopita niliamshwa na kelele kwa ploti. Nikatoka mbio nikidhani mwizi ameshikwa. Kumbe ni mtoto wa miaka 6. Amebebeshwa godoro kichwani, anazungushwa mlango hadi mlango, watoto wenzake wako nyuma wanamwimbia ule wimbo wa kikojozi ambao sisi wote tunaujua. Mama yake amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Watu wazima wanacheka. Mmoja ametoa simu anarekodi.

Jamani, hii tabia nimechoka nayo.

Huyo mtoto namjua miaka miwili sasa. Hakuwa anakojoa kitandani. Ameanza mwezi uliopita. Na mwezi uliopita kulitokea nini? Baba yake alihama. Ploti nzima tulimwona akipakia vitu kwa pikapu usiku. Umbea tuliupiga wiki mzima. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha hayo mambo mawili.

Mimi niliunganisha kwa sababu nilikuwa huyo mtoto. Nilikuwa na miaka 7 mamangu alipoenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Nikaachwa kwa shangazi. Nilikuwa nimekauka kitambo, lakini wiki hiyo hiyo nikaanza kulowesha. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana watoto wake wanne, maji ananunua kwa mtungi. Alinichapa. Nikajifunza nini? Kulala sakafuni juu ya gunia. Kukataa maji kuanzia saa nane mchana hadi kichwa kinaniuma. Kuacha kukojoa sikujifunza. Na katika hizo fimbo zote, hakuna siku mtu aliniuliza, "Unamkosa mama?"

Sasa najua mtakachoniambia. "Hata sisi tulichapwa na tukaacha." Buda, uliacha kwa sababu ulikua. Wengi huacha wenyewe miaka ikisonga, wawe wamechapwa au hawajachapwa. Fimbo inajisifu kwa kazi iliyofanywa na wakati. Halafu niambie, mtu akiwa usingizini anakosa adabu vipi?

Tuelewane hapa. Kuna mtoto ambaye hajawahi kukauka usiku. Huyo mara nyingi kibofu chake bado hakijakomaa, na pengine hata babake alikuwa hivyo hivyo. Wakiwa na miaka 5, kama watoto 15 kwa kila 100 bado wanalowesha. Huyo mpe muda. Lakini mtoto aliyekaa mkavu miezi 6 na zaidi, halafu ghafla anaanza tena, kwake kuna kitu kimebadilika. Kazi yako mzazi ni kukitafuta.

Anza na mwili. Mpeleke zahanati apimwe mkojo. Inaweza kuwa maambukizi, haswa akilia kuwa mkojo unamchoma. Muulize kama anapata choo vizuri, maana choo kigumu kikijaa tumboni hukandamiza kibofu. Na ukiona anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa kila saa hata mchana, anakonda na kuchoka ovyo, usingoje Jumatatu. Mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari. Watoto pia hupata kisukari, na kikicheleweshwa kinaua. Hebu fikiria mtoto ana sukari na wewe unamchapa kwa kukojoa.

Kama mwili uko sawa, angalia maisha yake. Kumezaliwa mtoto mwingine? Amehamishwa shule? Amepelekwa bweni? Mnagombana usiku mkidhani amelala? Kuna mwalimu anayemtisha? Na swali ambalo hatupendi kuuliza: kuna mtu anamgusa vibaya? Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu. Akikwambia, mwamini. Namba ya kusaidia watoto ni 116, haulipi kitu na iko saa 24.

Na wakati unatafuta chanzo, nyumba isiwe korti. Weka nailoni chini ya shuka, godoro litapona. Akunywe maji ya kutosha asubuhi na mchana, apunguze jioni, na chai ya usiku iishe kwanza. Akojoe kabla ya kulala. Na tuseme ukweli, wengi wetu choo kiko nje, mwisho wa ploti, na hakuna taa. Hata mimi naogopa. Mwekee ndoo karibu na kitanda. Asubuhi akusaidie kutoa shuka kama mtu anayesaidia, asitoe kama mfungwa. Ndugu zake wakimcheka, wanyamazishe wao.

Mama yangu, sisemi wewe ni mzazi mbaya. Kufua shuka kila siku na bado ufike kazini ni kazi ngumu, na huenda hata wewe unalia usiku kwa sababu ya ile pikapu. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto alindwe dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Haikusema isipokuwa akilowesha godoro.

Na wewe uliyekuwa unarekodi: futa hiyo video. Leo.

Mimi jioni nilienda nikabisha kwa huyo mama. Nikamwambia yale ya Saudia, ambayo sijawahi kuambia mtu kwa hii ploti. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Zahanati wanafungua saa ngapi?"

Hilo tu ndilo swali nataka tuulizane. Godoro litakauka na jua. Mtoto uliyemwanika mbele ya watu, yeye hukauka kwa njia nyingine, na hiyo hutaipenda akifika miaka 20.