Jicho likiona ukungu, mtajie daktari saratani ya zamani

Mwanamke wa makamo akija kliniki akilalamika kwamba jicho moja linaona ukungu, sisi madaktari hukimbilia tuliyoyazoea: umri, kisukari, shinikizo la damu, mtoto wa jicho. Humwelekeza akapimwe miwani, naye huenda zake.

Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Mama mmoja, mwalimu, alirudi kwangu baada ya miezi miwili akiwa na miwani mipya, na jicho lingali na ukungu. Hapo ndipo nilipomwuliza nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza: umewahi kuugua ugonjwa mwingine mkubwa? Alikuwa amekatwa titi miaka sita kabla. Hakunitajia kwa kuwa hakuona titi linahusianaje na jicho.

Vinahusiana, msomaji. Chembe za saratani husafiri katika damu, na nyuma ya jicho pana tabaka jembamba lililojaa mishipa ya damu. Zikifika hapo hunasa na kuota. Kwa hakika, kwa watu wazima, saratani iliyotoka kwingine hupatikana ndani ya jicho mara nyingi kuliko ile iliyoanzia humo. Kwa wanawake aghalabu hutoka kwenye titi, kwa wanaume mapafuni. Uchunguzi wa wagonjwa 420 uliochapishwa Marekani mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja walifika kwa daktari wa macho bila kujua wana saratani popote mwilini.

Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana watu hungoja. Mistari iliyonyooka huonekana imepinda, au vimulimuli na vidoa vyeusi huelea mbele ya jicho. Kumulikwa tochi hakutoshi. Daktari wa macho sharti akutie matone ya kupanua mboni ndipo atazame nyuma.

Wengine hujificha wakihofu kung'olewa jicho. Hilo ni nadra. Tiba ya kawaida ni mionzi, au dawa za saratani na za homoni, na mara nyingi uwezo wa kuona huokolewa hata pale ambapo saratani yenyewe haiponi. Wapo wanaouliza faida yake ni nini. Labda hawajawahi kumwona mgonjwa akishindwa kuzitambua sura za wanawe.

Yule mwalimu alipigwa mionzi. Muhula uliofuata alikuwa akisahihisha madaftari.