Askari wetu wanauawa na nani?

Tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala aliuawa huko Ngadi, karibu na mji wa Beni, gari lake lilipopigwa kombora. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amesaidia kuwafukuza M23 kandokando ya Goma, na watu walimpenda sana. Wengi walidhani ni adui tu aliyemvizia. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo afisa mmoja wa jeshi letu wenyewe, kwa kushirikiana na waasi wa ADF katika mauaji hayo.

Wapendwa, tukumbuke jambo hilo kila tunapopata habari ya askari jeshi au polisi aliyekufa. Tunazoea kutaja risasi inayotoka mbele. Kuna hatari nyingine.

Ya kwanza ni barabara. Kundi lenye silaha halihitaji kushinda vita. Linangojea gari penye kona. Machi 2017 huko Kasai, kati ya Tshikapa na Kananga, polisi karibu 40 walikamatwa njiani na wanamgambo wa Kamuina Nsapu, wakauawa. Viongozi wa kule walisema kwamba wale waliojua Tshiluba waliachwa hai. Polisi aliyetumwa mbali, asiyejua lugha ya mahali, hana wa kumwonya.

Ya pili ni kutojua mwenzako ni nani. Leo Wazalendo wanapigana upande wa serikali, na tangu 2023 kuna sheria ya jeshi la akiba. Lakini baadhi ya makundi hayo yalikuwa porini jana, yakipigana na jeshi lilelile. Mengi hayana sare wala mkubwa mmoja. Risasi zikilia usiku, askari aliye kwenye kizuizi ajuaje ampige nani? Na mwanakijiji ajuaje akimbilie wapi? Hata cheo hakimkingi mtu: Januari 2025, Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, alipigwa risasi mstari wa mbele karibu na Sake, akafa. Siku chache baadaye M23 wakaingia Goma.

Ya tatu ndiyo tunayoisema kwa sauti ya chini: njaa, na chuki inayozaliwa nayo. Machi 2025 Rais aliagiza mishahara ya wanajeshi na polisi iongezwe mara mbili. Ni jambo jema. Lakini chakula cha askari kikiliwa na wakubwa kabla hakijafika kambini, askari atamdai mama anayepita na mihogo. Mama huyo, akiona kesho watu wenye silaha wamejificha kichakani, atanyamaza. Na tusifiche: tarehe 30 Agosti 2023, Goma, wanajeshi waliua watu zaidi ya 50 waliokuwa wakijiandaa kuandamana. Anayeogopa sare haendi kuionya. Kwa hiyo usalama wa askari na usalama wa raia ni kitu kimoja. Anayeharibu mmoja anaharibu wote wawili.

Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwajibu juu ya mambo haya haya: wasiwaonee watu, waridhike na mshahara wao. Lakini ili mtu aridhike na mshahara, sharti kwanza umfikie.

Katika makanisa yetu wamo wajane wa askari, na wamo pia wazazi ambao vijana wao wako porini. Mara nyingine wanakaa benchi moja. Mwaka 2025 ECC na maaskofu wa CENCO walipendekeza mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, pande zote zikae na kuzungumza. Mapatano hayo yanaweza kuanzia kwenye benchi hilo. Mchungaji amtembelee mjane, aulize kama malipo ya marehemu yamemfikia, amsaidie kuandika barua. Kisha aende kwa yule mzazi mwingine, amsihi amwite mtoto wake arudi.