Parasetamoli ya dukani na moyo wa mtoto njiti

Parasetamoli na brufeni hazihitaji utambulisho kwa mfanyabiashara wa Mtwara au Palma. Ni za kichwa, za homa, za mgongo uliobeba magunia. Wachache wanajua kwamba dawa hizo hizo hutumika hospitalini kuziba mshipa wa moyo wa mtoto njiti.

Mtoto akiwa tumboni, mapafu hayajaanza kazi, hivyo mshipa mfupi hupitisha damu kando yake. Kwa aliyetimiza miezi, hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa njiti huweza kubaki wazi, damu ikafurika mapafuni na moyo ukachoka. Tangu 1976 madaktari walitumia indomethasini. Ikafuata ibuprofeni, yaani brufeni, inayoziba vilevile na kudhuru figo na utumbo kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2011 ikaingia parasetamoli, nayo katika kulinganishwa imekaribiana na ibuprofeni huku ikizipunguzia figo mzigo. Kwa mara moja, dawa ya bei ndogo haikuachwa nyuma.

Lakini asitokee wa kumpa njiti dawa ya dukani. Utafiti wa Uholanzi wa 2023 ulionyesha kuwa kusubiri hakukuwa kubaya kuliko kuwahi kutoa ibuprofeni. Ule wa Uingereza wa 2024, wenye watoto 653, haukuona ibuprofeni ya mapema ikipunguza vifo wala ugonjwa wa mapafu. Kazi ngumu ni kujua nani atibiwe, na hiyo inataka kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, mtu wa kukisoma, na dozi inayofuata uzito wa mtoto.

Hapo ndipo Palma inapokwama. Mji ulishambuliwa Machi 2021; Mocímboa da Praia ilikaa mikononi mwa wapiganaji mwaka mzima. Pemba ni mbali, Mtwara ni ng'ambo ya Ruvuma. Tanzania na Msumbiji zote zimo SADC, na gunia la mchele lina utaratibu wake mpakani. Mama mwenye kichanga apewe wake: avuke saa yoyote, na barua ya rufaa isomeke kwa Kireno na Kiswahili. Vyama vya wafanyabiashara vinavyokutana na maofisa kulalamikia ushuru viiweke hoja hii mezani. Na mwenye mtumbwi ajue kwamba njiti husafirishwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kanga.