Kibarua Kimeota Nyasi, Akiba Haishikiki

Kukatwa hatukuulizwa. Mshahara ukiingia, asilimia 10 imeshakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anajazia hadi itimie 20. Tukaambiwa ni akiba yetu. Haya. Leo kibarua kimeota nyasi, tunaiulizia akiba yetu, na sisi ndio tunaohojiwa.

Kwanza: uliachishwa au uliacha? Fao la kukosa ajira ni la aliyeachishwa. Aliyeacha mwenyewe halimhusu. Lakini viwandani, hotelini na kwenye shule binafsi, nani asiyejua watu wanavyoachishwa? Unaitwa ofisini, unasogezewa karatasi na kalamu: “Ndugu yangu, andika tu barua ya kuacha kazi, tusichafuliane majina.” Unaandika ili upewe angalau mshahara wa mwezi huo, na barua hiyohiyo ndiyo inayokunyima fao. Ukitaka kupinga, sheria inakupa siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wetu siku hizo tunazimalizia kumbembeleza meneja.

Pili: umechangia miezi 18? Kama bado, unapewa nusu ya michango yako. Kama imetimia, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyekuwa akipokea shilingi 300,000 anapata kama 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa saba je? Fedha zako zilizobaki zinangoja utimize miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, hata kama leo una 31.

Tatu: michango ilifika? Eti hilo nalo tunaulizwa sisi! Kwenye hati ya mshahara makato yapo, kwenye salio hayapo. Mwenye wajibu wa kuipeleka kisheria ni mwajiri, ila anayepigwa kalenda na bahasha kwapani ni mfanyakazi.

Fao la kujitoa, lililomruhusu aliyetoka kazini kuchukua michango yake yote, lilipofutwa mwaka 2012, wafanyakazi walipiga kelele, wa migodini wakiwa mbele, Serikali ikalegeza. Mwaka 2018 tukaletewa hili la kukosa ajira badala yake. Tunaambiwa pensheni ni ya uzeeni, na tunaelewa; tunawajua waliochukua fedha zote wakanunua bodaboda, ikaibwa, wakabaki mikono mitupu. Lakini uzee wenyewe haufikiwi kwa kulala njaa.

Waheshimiwa wabunge, hatuombi sadaka. Barua ya kuacha kazi isiaminiwe kabla mwenyewe hajasikilizwa. Mwajiri asiyepeleka michango adaiwe na mfuko, si na sisi. Na aliyemaliza miezi sita bila kazi aruhusiwe kuchota sehemu ya fedha zake afungue hata genge. Mkija kuomba kura, tutawauliza haya matatu, na hatutawapa siku 30 za kujibu.